Fomu ya Mwenye Maji

Mhandisi alirudi nyumbani saa kumi alasiri, na jambo hilo peke yake lingetosha kumtia mkewe wasiwasi. Katika miaka tisa ya ndoa alikuwa amerudi saa kumi mara mbili tu: siku alipovunjika kidole cha mguu, na siku alipofiwa na baba yake. Siku nyingine zote alirudi usiku, akala huku anaongea na simu, akalala huku anapiga hesabu za vyuma na zege. Majirani walimtania mkewe kwamba ameolewa na gari, kwa kuwa wao walichokiona ni gari tu, likitoka na kuingia.

Mke huyo alifundisha hesabu shule ya sekondari. Mumewe alimwita Mwalimu, naye alimwita mumewe Mhandisi, mwanzoni kwa utani wa wapenzi, baadaye kwa mazoea, na mwishowe kama watu wanaokutana kwenye korido ya ofisi. Mtoto hawakuwa naye. Kila Mwalimu alipolitaja jambo hilo, aliambiwa wamalize kwanza mradi huu. Miradi haikwisha.

Siku hiyo alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Gari hakulisikia. Alisikia mlango, kisha hatua, kisha akaitwa kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo mumewe hakuwa amemwita nalo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Nimeliacha kazini."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekukumbuka tu."

Mwalimu alicheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mume akaketi mbele yake, akaweka mikono mezani, akamuuliza siku yake ilikwendaje, na alipokwisha kuuliza akasubiri jibu. Mwalimu akaanza kwa kujiumauma, kisha akafunguka. Alisimulia vituko vya mwalimu mkuu, na habari za mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia ambayo mwenyewe alishindwa kuieleza. Mume alisikiliza bila kupepesa macho. Alinukia udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ile, na nyayo zake zilikuwa zimeacha maji kwenye vigae kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Wakala pamoja. Baada ya kula mume akaosha vyombo, na hapo hata mtu asiye na shaka angeanza kuwa nayo. Giza lilipoingia alisema anakwenda kuoga. Mwalimu akasikia maji yakimwagika bafuni, akatabasamu peke yake, na simu ikaita.

"Mwalimu, usinisubiri. Kula, ulale. Bado tuna kikao."

"Uko wapi?"

"Niko wapi tena zaidi ya kazini? Mbona unanong'ona?"

Mwalimu hakumjibu, maana nyuma yake maji yalikuwa yanaendelea kumwagika, na mtu aliyekuwa bafuni alikuwa anaimba polepole wimbo usio na maneno kwa sauti ile ile iliyokuwa sikioni mwake, akaishusha simu taratibu, akatembea ukutani ukutani kama mtu anayetafuta swichi gizani ingawa taa zote zilikuwa zinawaka, akakumbuka akiwa katikati ya korido kwamba maji ya mtaa mzima yalikatwa tangu asubuhi na kwamba vyombo vile vilioshwa kwa maji ambayo hayakuwemo ndani ya nyumba, akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Bomba lilikuwa kavu. Sakafu ilikuwa imejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu, meusi, ya baridi, yametulia tuli.

Mumewe aliporudi saa tano alimkuta ameketi kitandani na taa zote zimewashwa. Mwalimu alifungua kinywa amwambie, akakifunga. Angeanzia wapi? Kwamba mume wangu amerudi mapema, amenisikiliza, ameosha vyombo, na ndiyo maana nikajua si wewe?

Siku ya pili alifunga mlango kwa komeo saa tisa na nusu, akakaa sebuleni na kisu cha jikoni mapajani. Saa kumi kamili hodi ilipigwa. Akaitwa kwa jina lake, taratibu, bila haraka. Akaitwa tena. Ile sauti haikusema "nifungulie". Ilisema, "Yule mwanafunzi wako ameshaieleza ile njia yake?"

Mwalimu alilia kidogo. Kisha akakirudisha kisu jikoni, akatoa komeo kwa mkono wake mwenyewe. Alijiambia ni mara moja tu, lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Akafungua siku ya tatu, na ya nne, na wiki ikapita, na nyingine. Mgeni alikuja saa kumi, na gari la Mhandisi liliposikika kona ya barabara aliingia bafuni, akawa hayupo. Mwalimu alipiga deki, akapanga uso wake, akampokea mume wake. Alijua kabisa anachofanya. Aliogopa kila siku, na kila siku kuanzia saa nane mchana alikuwa anaangalia saa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwanza chaki zilianza kumlainikia mkononi, akiandika mlinganyo mmoja kipande kinageuka uji, wanafunzi wanacheka. Halafu madaftari aliyoyasahihisha yakawa yanavimba, wino mwekundu ukitambaa nje ya vistari. Halafu kikohozi. Alikuwa anakohoa maji, si makohozi, maji safi yenye ladha ya udongo. Hospitali walimtoa kifuani chupa nzima.

"Umezama karibuni?" daktari alimuuliza.

"Mimi hata kuogelea sijui."

Mhandisi alimtuma dereva na mfuko wa matunda. Alipiga simu pia, kweli, akaomba radhi: wakubwa walikuwa wanapita kukagua jengo, ghorofa kumi na mbili, na kiti cha mhandisi mkuu wa kampuni kilikuwa kinasubiri mtu. "Wiki mbili tu, Mwalimu. Wiki mbili, halafu nitakuwa wako." Mwalimu alimwambia asijali. Mwenzake wa saa kumi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni pembeni ya kitanda, na chini ya kiti palikuwa na kidimbwi.

Aliyeyaanika ni wifi yake. Dada huyu wa Mhandisi alikuwa na mdomo usiojua breki, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuja alasiri moja kumjulia hali mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, akamkuta kaka yake kwenye kochi, akamsifia kwa kukumbuka kwamba ana mke, akaaga. Nusu saa haikupita akarudi. Alikuwa anatweta na kiatu kimoja kimekatika mkanda.

"Wifi," alisema akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. "Nimemwacha kaka yangu kwenye kochi. Nimemkuta kaka yangu kwenye taa za barabarani, yumo garini, ananipungia mkono. Niambie mimi ndiye mwenye wazimu."

Kochini hapakuwa na mtu. Mto ulikuwa umelowa umbo la mgongo.

"Huna wazimu," Mwalimu alinong'ona, na yakamtoka yote, au karibu yote. Alisema jinsi mgeni alivyoingia. Hakusema nani alikuwa anatoa komeo.

Jioni ile waliketi watatu. Mhandisi alianza kwa kucheka, akasema wanawake wakiachwa peke yao watazaa hata majini. Dada yake akamshika mkono, akamkalisha kwenye ule mto. Alipohisi baridi ile na kuvuta pumzi ya ule udongo, kicheko kilimkauka. Aliujua. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni lile shimo."

Akaeleza. Mwaka juzi, walipochimba msingi wa jengo, walikuta jicho la maji. Pampu tatu zilifanya kazi usiku na mchana wiki tatu, maji hayapungui hata shibiri. Vibarua wakagoma kushuka. Walisema maji yale yana mwenyewe. Siku za mkataba zilikuwa zinakwisha, na yeye aliona kiti chake kinaondoka. Sasa, kabla ya ujenzi kuanza, kampuni ilikuwa imehamisha familia kadhaa zilizokuwa zikiishi pale, na kila mkazi alijaziwa fomu ya uhamisho. Zilibaki fomu tupu ofisini. Mhandisi akachukua moja, akaijaza mbele ya vibarua wote ili wacheke na kurudi kazini. Jina la mkazi: Mwenye Maji. Sababu ya kuhamishwa: ujenzi. Muda wa kufika makazi mapya: mwaka mmoja na nusu.

"Na makazi mapya?" dada yake aliuliza.

"Mimi siwezi kusaini fomu yenye nafasi tupu. Ndivyo nilivyofundishwa." Alijifuta uso. "Niliandika namba ya nyumba hii."

"Mpokeaji?" Mwalimu aliuliza, ingawa alishajua, kwa kuwa hati ya nyumba ilikuwa kwa jina lake.

"Jina lako. Jina lako kamili. Nikasaini, nikapiga muhuri, nikaisoma kwa sauti, nikaitupa kwenye maji. Walicheka sana. Kesho yake shimo lilikuwa kavu kama sahani. Tukamwaga zege kabla ya saa sita. Kwenye ripoti niliandika kwamba pampu ndizo zilizofanya kazi."

Wifi alimleta Bi Miwani, mganga wa makamo aliyewahi kuwa karani wa mahakama miaka ishirini kabla ya kurithi kazi ya mama yake. Alizunguka nyumba na kalamu nyuma ya sikio, akanusa bafuni, akamwekea Mwalimu sikio kifuani, akakataa chai.

"Jini mvamizi namtoa kwa ubani na maneno mawili matatu," alisema. "Huyu si mvamizi. Ana karatasi. Amehamishwa na mwenye mamlaka, kwa saini na muhuri, akapokewa na mwenye nyumba. Mimi nikimfukuza, nitakuwa mimi ndiye mvunja sheria."

"Anataka nini kwa mke wangu?"

"Yeye ni wa maji, na wa maji hakai na mkavu. Anamzoesha. Kifua kimejaa maji mara moja, mkayatoa. Kikijaa tena, hamtayatoa." Alimgeukia Mhandisi. "Wewe uliyemhamisha, lazima umfungulie kwake. Jicho la maji ulilolifunika, lifungue pale pale, hata kwa upana wa kiganja, na ubatilishe karatasi yako kwa kinywa chako." Kisha akamgeukia Mwalimu, akavua miwani. "Na wewe uliyempokea, atakuuliza. Utamwambia aondoke. Neno moja tu, lakini litoke rohoni. Mkikosa mmoja wenu, msiniite tena."

Kutoboa sakafu ile ilikuwa kazi ya saa mbili. Kilichomtoa Mhandisi jasho ni kitakachopanda. Tundu lingechana utando wa kuzuia maji, maji yangejaa chini ya jengo siku chache kabla ya ufunguzi, ripoti yake ingesomwa upya, na cheo, pamoja na jina alilolijenga miaka kumi na saba, vingekwenda na maji hayo. Siku mbili hakula. Alikuwa anazunguka sebuleni, anaanza sentensi na kuiacha. Siku ya tatu Mwalimu alikohoa hadi akaanguka kwenye mlango wa jikoni. Mhandisi alimwinua, akamfuta mdomo kwa shati lake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Mwalimu akamwona analia.

"Jengo litakuwa jengo," alisema. "Nitatoboa."

Walikwenda Jumapili mchana, vibarua hawapo. Ghorofa ile ya chini ya ardhi ilikuwa pana, imepakwa rangi mpya, mistari ya kuegeshea magari imeshachorwa. Mhandisi alipima kutoka kwenye nguzo, akachora duara kwa penseli, akawasha mashine mwenyewe. Ilinguruma hadi meno yakauma. Wifi alimshika Mwalimu kiunoni. Bi Miwani alitandika mkeka wake kwenye eneo la gari namba nne, akaketi.

Mashine ilipozama mkono mzima sauti ilibadilika, ikawa nyepesi. Mhandisi aliizima. Maji yakapanda tunduni bila kelele, meusi, yakatandaa juu ya mistari myeupe. Ule udongo ukanuka hadi kooni. Mhandisi alipiga magoti ndani ya maji hayo na suruali yake ya kazini, akasema kwa sauti inayotetemeka kwamba yeye, aliyesaini, anabatilisha uhamisho huo, kwamba mwenye maji arudi kwake, na kwamba kosa ni lake. Alilisema vizuri. Alilimaanisha. Hata Bi Miwani alitikisa kichwa kukubali.

Ndipo taa zikafifia moja baada ya nyingine kutoka mbali kuja karibu, na kutoka kwenye tundu lile ambalo lisingeweza kupitisha hata kichwa cha mtoto ikatoka sauti ya Mhandisi, ingawa Mhandisi alikuwa pale pale amefunga kinywa, ikamwita Mwalimu kwa jina lake la kuzaliwa, kwa upole ule ule wa saa kumi, ikamkumbusha habari za mwalimu mkuu na za mwanafunzi wake na za mtoto aliyekuwa amemwazia jina bila kumwambia mtu yeyote duniani, ikamtamkia jina hilo la mtoto, kisha ikauliza, "Unataka niondoke?"

"Sema," Bi Miwani alinong'ona.

Mwalimu alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, alilihisi ulimini. Alimtazama mumewe aliyepiga magoti kwenye maji, amejiharibia kila kitu kwa ajili yake, na alimhurumia, na alimpenda. Lau mumewe angemwita kwa jina lake, hata mara moja, angelisema. Hilo alikuja kuliamini baadaye, na lilikuwa na ukweli.

"Sema, Mwalimu," Mhandisi alimsihi. "Mwalimu, tafadhali."

Hakusema. Alisubiri neno litoke lenyewe, na sekunde zikapita, na maji yakaacha kupanda, yakarudi tunduni kama yaliyovutwa na mtu. Taa zikawaka. Bi Miwani alikunja mkeka wake, akavaa viatu.

"Hajafukuzwa," alisema. "Na jicho la maji likishafunguliwa halikai bila mwenyewe." Hakumlaumu mtu. Ada yake aliikataa.

Usiku huo maji yalipanda tena, ya kawaida, na kufikia Jumatatu magari ya zimamoto yalikuwa yanayavuta chini ya jengo. Ripoti ilisomwa upya. Alhamisi Mhandisi aliitwa kurudisha funguo. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, mikono mitupu, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

"Ulishikwa na hofu tu, hata mimi nilishikwa," alimwambia mkewe. "Tutatafuta mganga mwingine. Leo narudi saa kumi. Kuanzia leo, kila siku saa kumi."

Mwalimu alimfunga kifungo cha shati, akapika chakula cha watu wawili.

Saa kumi kasoro robo mlango ulifunguka bila hodi. Aliyeingia hakuacha maji sakafuni. Viatu vyake vilikuwa vikavu na alikuwa na joto la mtu, na alipoketi kiti kililia kwa uzito wake. Alipepesa macho. Mwalimu alimtazama akipepesa, akajua kwamba sasa hakuna tofauti ambayo wifi angeiona, wala jirani, wala daktari.

Saa kumi kamili hodi ilipigwa. "Mwalimu, nifungulie. Ni mimi."

Alisogea, akachungulia kwenye upenyo. Nje alisimama mwanamume mwenye katoni ya vitu vya ofisini kifuani. Alikuwa amelowa toka nywele hadi soksi, na jua lilikuwa linawaka. Alikuwa anatetemeka na midomo yake ilikuwa ya buluu. Jirani wa mbele alikuwa ameshamwona, anamwita mtoto wake aingie ndani.

"Mwalimu, nimelowa tu sijui nimelowa wapi. Fungua."

Mwalimu alimjua. Hakuna siku aliyowahi kumjua vizuri zaidi. Mezani aliitwa kwa jina lake, chakula kinapoa. Akarudisha komeo.

"Mwenye nyumba ameshaingia, baba," alisema kwa adabu, kama anavyoambiwa mtu aliyepotea njia. "Jaribu nyumba inayofuata."

Kisha akasikia katoni ikiwekwa chini taratibu, na mtu akiketi kwenye ngazi. Hakugonga tena. Mwalimu alikwenda mezani, akapakua, na kabla ya tonge la kwanza kikohozi kikamkamata. Aliyeketi mbele yake alinyoosha mkono, akamsogezea beseni, akasubiri kuona kifua chake kimebakiza kiasi gani kujaa.